Somo Aliyetufundisha Kunyamaza

Jina lake silitaji. Nikilitaja tu habari itamfikia, atapanda basi kutoka Sindeni, atashuka stendi ya Korogwe na mkoba wake mweusi kwapani, na atanisuta kwenye kibanda changu cha kusuka nywele mbele ya wateja. Namjua. Kwa hiyo nitamwita kama tulivyomwita wote, mitaa ya Manundu na Masuguru: Somo. Alizaliwa wapi, kwa nani, ni wa ngapi kwao, sijui na sikuuliza. Mtu aliyekusinga liwa mgongoni ukiwa umejikunyata kwenye mkeka kama kifaranga kilicholowa, humuulizi ukoo wake.

Kazi yake ilikuwa kufunda. Msichana akiposwa na posa ikikubaliwa, Somo anaitwa. Anafunga mlango, anakaa na mwali ndani, anamfundisha mambo ya ndoa: kusema na mume, kunyamaza na mume, kupika, kuoga, kupokea mkoba mlangoni, na mengine ambayo siyaandiki hapa kwa sababu mama yangu atasoma. Alifanya kazi hiyo miaka na miaka, na miaka yote niliyomjua hakuwa na mume. Hebu fikiria. Ni kama kufundishwa kuogelea na mtu aliyekaa ukingoni mwa mto Pangani, kanga yake kavu kabisa, anakuelekeza kwa kidole.

Tena alielekeza kwa ukali. Alikuwa na kipepeo cha ukili, kile cha kupepea jiko la mkaa, na hakukipepelea jiko hata siku moja. Kilikuwa cha kupigia magoti yetu. Ukicheka, pa! Ukisinzia, pa! Ukiuliza swali la maana, anakitazama kipepeo kwanza, anafikiri, halafu, pa! hivyo hivyo, kwa usalama.

Alikuwa mlafi. Sisemi kwa ubaya, yeye mwenyewe hakuficha. Nyumba yenye mwali aliingia asubuhi kabla moshi haujatoka jikoni, na kila chungu kilichofunuliwa alikuwa juu yake na kijiko. "Namuonjea mwali," anasema. Mwali huyo yuko ndani anakunywa uji mwepesi wa kulainisha ngozi, na Somo nje anamuonjea pilau mpaka sufuria inaona aibu. Ndani ya mkoba wake, kati ya liwa, udi na hina, hukosi kipande cha mkate mkavu kimefungwa kwenye leso. Nilimuuliza siku moja ni cha nini. Akasema, "Cha dharura." Dharura gani, sikupata kuiona. Kila nikigeuka mkate umeliwa.

Alikuwa pia mwongo, wa ile aina ya kupendeza. Alimwambia kila bibi harusi kwamba yeye ndiye mzuri kuliko wote aliowahi kuwafunda. Siku moja sisi wanawake tuliokuwa kwenye benchi la kibanda changu, mmoja ninamsuka, wengine wanasubiri, tukagundua kwamba sote tuliambiwa maneno hayo hayo, kwa mnong'ono ule ule, tukishikwa kidevu vile vile. Tukamngoja. Alipopita kwenda sokoni tukamwita, tukamshitaki.

"Somo, mzuri ni nani hasa?"

Hakutikisika hata kope. "Nilipokuwa namwambia kila mmoja, ilikuwa kweli," akasema. "Sasa kosa langu ni lipi kama alizaliwa mwingine?"

Benchi zima likaangua kicheko. Hata fundi viatu wa kibanda cha jirani alicheka, naye ni mtu asiyecheka ovyo. Huyo fundi nimtaje sasa hivi, maana atarudi. Ni mwanaume mpole mwenye mikono myeusi kwa rangi ya viatu. Huchukua viatu vya mwanangu bila kuombwa, anavishona, anavirudisha, halafu ananiuliza, kwa sauti ya chini kama anakiuliza kiatu, kama nitakubali anioe. Nilikuwa simjibu. Nilimkazia macho tu mpaka arudi kwenye nyundo yake.

Kwa nini nilikuwa hivyo? Kwa sababu nilikuwa na hasira, na bado ninazo, na sioni sababu ya kuzitolea udhuru. Mimi nilifundwa. Mchumba wangu alikuwa fundi umeme wa Handeni mjini, kijana wa meno meupe na ahadi nyingi. Mahari ililetwa, nikawekwa ndani, Somo akaja na kipepeo chake. Wiki ya harusi simu ya bwana haikupatikana. Ilipopatikana habari, haikutoka kwake: ameoa palepale Handeni, mtaa wa pili kutoka kwao, hata nauli hakupoteza. Na mimi tayari nilikuwa na mimba yake, jambo ambalo Somo alilijua kabla yangu kwa kuniangalia tu ninavyofyonza ndimu.

Nilifundwa namna ya kumpokea mume mlangoni. Mume hakufika mlangoni. Sasa maarifa yale yote niyapeleke wapi?

Nikaenda Masuguru nyumbani kwake, tumbo limeanza kuonekana, nikasimama barazani nikapiga kelele mtaa mzima usikie. "Somo! Mafundisho yako yote yachukue! Sina pa kuyatumia! Yachukue, siyataki!"

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Umekula?"

"Sikuja kula!"

"Kaa ule. Utanitukana vizuri ukiwa na nguvu."

Nikakaa. Nikala. Nikamtukana. Akaniongezea maharage. Toka siku ile nikawa mtu wa nyumba ile, na mwanangu alipozaliwa aliyemwogesha kwa mara ya kwanza ni Somo, huku akimnong'oneza na yeye kwamba ni mzuri kuliko wote.

Lakini kuna fundisho moja lazima nilieleze vizuri, kwa kuwa ndilo lililokuja kututia aibu wote. Somo alikuwa na wazimu na kunyamaza. Alifundisha kunyamaza kuliko alivyofundisha kupika. Siku ya ndoa, shehe anapokuja mlangoni na mashahidi kumuuliza mwali kama ameridhika kuolewa na fulani, mwali hasemi kitu. Anainamisha kichwa chini ya kanga, ananyamaza, na kimya chake ndicho jibu. Tulifanyishwa mazoezi. Somo mwenyewe alikuwa shehe: anatoka nje, anajikohoza kikohozi kizito cha mzee, anarudi anasimama mlangoni kwa sauti nene.

"Bibi harusi, umeridhika kuolewa na fulani bin fulani kwa mahari mliyopatana?"

Mimi nikasema, "Ndiyo."

Pa!

"Ndiyo ya nini? Unasema ndiyo utadhani unaitwa kula? Watu watasema ulilala mlangoni unamsubiri! Nyamaza. Kichwa chini. Acha wahangaike."

Akatoka, akakohoa tena, akarudi. Nikanyamaza. Akasimama pale mlangoni akiniangalia, na uso wake ukawa laini kwa namna ambayo sikuielewa siku ile. "Hivyo hivyo," akasema. "Mwanamke akijua kunyamaza, hakuna atakayejua lini amempata na lini amemkosa."

Mama yangu ndiye aliyenieleza baadaye maneno yale yalitoka wapi. Zamani, Somo akiwa bado ana mume na ndoa yake bado ina rangi, alikuwa anafunda mwali nyumba fulani hapa Manundu, na mama yangu alikuwepo, msichana wa kubeba maji. Ngoma inapigwa, wanawake wamejaa chumbani, Somo katikati anaimbisha wimbo wa kumuaga mume anayesafiri. Akaja shemeji yake dirishani. Akamwita, akamwambia pale pale dirishani: mumeo amekuacha, amesema usirudi leo, vitu vyako viko kwa jirani.

"Akafanyaje?" nilimuuliza mama.

"Akarudi katikati, akamalizia wimbo. Beti zote. Akamwonyesha mwali namna ya kupunga kanga. Akala, akashukuru, akatoka. Hakuna aliyejua mpaka kesho yake."

"Hakulia?"

"Kama alilia, alilia akiwa amenyamaza."

Toka hapo hakutaka kusikia habari ya mume. Ukimchokoza anasema, "Mlango ule nimeutia kufuli na ufunguo nimeumeza." Na kwa vile alikula kila kitu, tuliamini.

Basi akatokea Mzee wa Asali.

Mzee huyu ni mkulima wa Sindeni huko Handeni, analima mahindi, ana mizinga yake porini, na mke wake alishafariki. Alikuwa anakuja Korogwe siku za soko na asali kwenye chupa za maji, kofia yake imefuliwa mpaka imesinyaa. Mtu mrefu, mwembamba, wa magoti mabovu. Akikaa, magoti yanalia kabla hajasalimia. Barazani kwa Somo, Masuguru, palikuwa na meza ndogo ya kuuzia liwa na udi, vitu vya wanawake. Mzee akasimama.

"Hodi wenyewe."

"Karibu. Unatafuta nini?"

Mzee akaiangalia meza. Nadhani hakujua hata kitu kimoja pale ni cha nini. "Hiyo," akasema, akionyesha liwa.

"Ya mkeo?"

"Mke sina."

"Ya binti yako?"

"Binti sina."

Somo akamfungia. Wiki iliyofuata akarudi, akanunua tena. Na iliyofuata. Mimi nilikuwa namwona, kwa sababu Ijumaa, siku ya soko, nilikuwa napanda barazani kwa Somo na mwanangu mgongoni kumsuka nywele. Mwanaume mzima, ndevu nyeupe, ananunua poda ya kusinga mabibi harusi, halafu anakaa kwenye kigoda anakunywa maji kwa utulivu kama mtu aliyefika nyumbani. Hawakuzungumza mambo makubwa. Anamwambia nyuki wamehama mzinga fulani. Somo anamwambia nyuki wana akili, angekuwa yeye pia angehama. Mzee anacheka kimyakimya, mabega tu ndiyo yanatikisika. Akishaondoka, Somo ananiuliza, "Nywele hizi umezisuka upande?" Hakuwahi kuniuliza kitu kama hicho. Alikuwa anasukwa mistari iliyonyooka kwa sababu ya chawa, alivyosema mwenyewe, wala si kwa sababu ya macho ya watu.

Nikakasirika. Naam, mimi. Nikamwambia, "Somo, wanaume wote ni walewale. Na huyu anaanza na liwa."

"Nani amekwambia ameanza?" akasema, na akajipaka asali kidogo kwenye kidole, akalamba.

Msimu wa mahindi ulipokaribia, Mzee akamwambia wazi, nami nasikia, kwamba hatakuja tena Korogwe na mizigo. Magoti yamekataa. Mauzo atayafanya huko huko Sindeni, watu wafuate asali wenyewe. Somo akasema, "Haya, Mungu akusaidie," akaendelea kupanga udi wake mezani. Aliupanga, akaupangua, akaupanga tena.

Siku ya soko iliyofuata Mzee hakuja. Akaja mshenga wake. Sasa mshenga ni mtu wa heshima, anavaa kanzu, anazunguka maneno, anaanza na hali ya hewa. Mzee wa Asali, kwa vile ndugu zake wamekwisha, alimtuma mtu aliyemwamini kwa sababu alikuwa akimpandishia asali yake kila wiki: kondakta wa basi la Handeni. Akaja na fulana ya kazi, akasimama barazani, akapiga ubao wa meza ya liwa makofi mawili kama anagonga bodi ya basi.

"Shikamoo Bibi! Sindeni! Kuna nafasi moja, ya mbele!"

Nilidondosha kitana.

"Unasema nini wewe?" Somo akauliza.

"Nimeleta posa, Bibi. Mzee wangu anasema yuko tayari. Tena anasema ile liwa usimfikirie vibaya, yote ameiweka kwenye kikapu, hajui matumizi yake. Ila juzi mbuzi jike ameingia akaila. Ananukia, Bibi, wallahi, hakuna mbuzi anayeposwa kama yule."

Mimi nilicheka mpaka mwanangu akaamka. Somo hakucheka. Alisimama, akachukua kipepeo, na kondakta akashuka barazani kwa ule ujuzi wao wa kushuka gari likitembea.

"Mwambie aliyekutuma," Somo akasema, "mwali haendi kwa mume bila somo wa kumfunda. Somo wangu mimi amekufa. Wa kunifunda hakuna. Basi, ndiyo jibu, nenda nalo."

Kondakta akaondoka. Somo akakaa. Akachukua kipande cha mkate wa dharura mkobani, akakiangalia, akakirudisha. Hapo ndipo nilipojua kuna jambo, maana sijawahi kumwona akirudisha chakula.

Nikamwambia, "Hiyo ni sababu ya kitoto."

"Ni mila."

"Ni woga. Umeachwa dirishani mara moja, unaogopa dirisha."

Akanitazama. Nilidhani ataninyanyulia kipepeo. "Na wewe je? Fundi viatu anashona viatu vya mtoto mpaka soli zimekuwa nene kama tofali. Unaogopa nini?"

"Mimi sina woga, nina hasira."

"Zinafanana ukiziangalia usiku," akasema. "Mwenzio nilizichanganya miaka yote hiyo."

Nikaokota kitana changu. Halafu kinywa changu, ambacho sina mamlaka nacho, kikasema: "Mimi nitakufunda."

"Wewe? Ambaye hujaolewa?"

"Wewe ulinifunda mimi ukiwa umeachwa. Nani kati yetu ana haki ya kuchagua?"

Alicheka. Mara ya kwanza siku ile. Jioni hiyo hiyo akatuma salamu kwa kondakta, na basi la asubuhi likapeleka jibu jipya Sindeni.

Nikamfunda. Nilifunga mlango kama yeye alivyokuwa akifunga, nikakaa na kipepeo chake mkononi, naye akakaa mkekani na mguu wenye baridi yabisi ameunyoosha. Mwanangu alikuwa anajikongoja kati yetu akila kila alichookota, mwanafunzi halisi wa Somo.

"Fundisho la kwanza," nikasema. "Ukichoka, lala."

"Hilo si fundisho."

Pa! Kwenye goti, polepole. Ah, utamu wake.

"La pili. Mume akichelewa, kula. Usimngoje na njaa ukamlaumu yeye."

"Hilo nalijua toka zamani."

"La tatu. Ukiudhika, sema siku hiyo hiyo. Usimalizie wimbo."

Akaacha kucheka. Akauangalia mkeka. "Mama yako ana mdomo," akasema. Halafu, "Endelea."

Siku ya ndoa nilianza kumsuka toka alfajiri. Nikamsuka kichwa chote, mistari myembamba imezunguka kama njia za siafu, nikampaka hina mikononi. Alilalamika kila nywele. Watu wakajaa Masuguru nzima. Wanawake aliowafunda wote walikuja, kila mmoja akimwambia, kwa kisasi, kwamba yeye ndiye bibi harusi mzuri kuliko wote. Mzee wa Asali alikaa nje chini ya turubai, kanzu mpya, kofia mpya, magoti ya zamani. Kaka yake Somo, ndiye walii wa kumwozesha, alikuwa nje naye.

Shehe akaja mlangoni na mashahidi wawili. Akakohoa, kikohozi kile kile cha Somo, nikajibana nisicheke.

"Bi harusi, umeridhika kuolewa na huyu bwana kwa mahari mliyopatana?"

Somo kichwa chini. Kimya.

Shehe akasubiri. Akauliza tena. Kimya. Na kimya kilikuwa kizuri, nakwambia, kimya cha kitaalamu, kimya alichotufundisha sisi sote. Wanawake walitikisa vichwa kwa kusifu.

Shehe akajikuna shingo. "Mama yangu, mwali ambaye hajaolewa, kimya chake tunakihesabu. Wewe umewahi kuolewa. Lazima useme kwa mdomo wako. Bila hivyo ndoa haifungiki."

Hakuna aliyekuwa amewaza hilo. Mimi sikuwaza. Yeye mwenyewe, bingwa wa Korogwe nzima, miaka yote aliwafunda wasichana wasiowahi kuolewa tu, hakuwahi kumfunda mwanamke aliyeachwa, maana walioachwa hakuna anayewaitia somo. Alijua kunyamaza. Kusema hakujua.

Mkono wake chini ya kanga ulikuwa umeshika wangu, baridi kama samaki. Nikasubiri aseme. Hakusema. Nje, mtu akauliza kwa nini wanachelewa. Mtu mwingine akajibu labda amebadili mawazo. Nikachungulia dirishani nikamwona Mzee wa Asali: ameshika magoti yake kwa mikono miwili, ameinamisha uso, kama mtu anayejiandaa kusimama na kwenda zake bila kumsumbua mtu.

Hapo hasira zangu zikapanda, na kwa mara ya kwanza zilijua njia.

"Somo!" nikasema, mbele ya shehe, mbele ya mashahidi, mbele ya mama yangu. "Kama humtaki, sema humtaki, mzee wa watu aende na magoti yake. Kama unamtaka, sema unamtaka. Lakini usiniletee kimya hapa! Kichwa hicho nimekisuka toka alfajiri!"

Shehe akasema, "Binti, taratibu."

"Taratibu ndiyo iliyotufikisha hapa, shehe!"

Somo akafunua kanga usoni, mwenyewe, kitu ambacho bibi harusi hafanyi. Macho yalikuwa yamelowa. Akamwangalia shehe, halafu akampita kwa macho, akageukia dirisha, naam, dirisha, na kuita kwa sauti ya kuimbishia ngoma:

"Mzee wa Asali! Upo?"

Turubai zima likageukia dirisha. "Nipo," ikajibu sauti nyembamba.

"Magoti yanauma?"

"Yanauma, mama."

"Basi kaa hapo hapo usiondoke. Nimekubali!"

Shehe akajikohoza. "Unatakiwa uniambie mimi, mama."

"Na wewe nimekubali."

"Mimi sijaposa!"

Vigelegele vilivyopigwa hapo nasikia vilifika stendi. Kondakta alisema alivisikia, lakini kondakta naye alikuwa pale pale barazani anakula.

Walihamia Sindeni. Mwezi uliopita nikachukua basi, nikaenda kuwaona na mwanangu, ambaye sasa anakimbia. Nilimkuta yule mwanamke aliyetufundisha kwamba mume asikanyage jikoni amekaa kwenye kigoda uani, miguu kwenye jua, anakula asali na sega lake, inamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Jikoni Mzee anasonga ugali. Mbuzi jike kalala mlangoni.

"Shikamoo Somo. Haya ndiyo mafundisho?"

"Marahaba. Nyamaza ule."

Tulikaa. Hakusema habari ya mapenzi hata neno moja. Alisema mahindi yamekubali, alisema mzee anakoroma mpaka kuku wanahama, alisema juzi waligombana juu ya kifuniko cha sufuria, akamwambia siku hiyo hiyo, wakanuniana, yakaisha kabla ya magharibi. Lile la kumwambia siku hiyo hiyo alilisema kwa majivuno, kama mtoto aliyepata vema.

Kisha akajilamba kidole na kuniuliza. "Fundi viatu umemjibu?"

"Nimenyamaza."

"Nani alikwambia unyamaze?"

"Wewe."

Akaacha kulamba.  Halafu akanyoosha ule mkono uliojaa asali, kiganja juu, kama anayeomba kitu.

"Ile siku ulikuja kwangu na tumbo lako, ukapiga kelele niyachukue mafundisho yangu. Mengine kaa nayo. Lakini hilo la kunyamaza nirudishie. Lilikuwa bovu nilipokupa."

Nikapiga kiganja chake, pa, nikapata asali mkono mzima. Mwanangu akaja kulamba.

Basi la kurudi lilinishusha Korogwe jua bado liko juu. Nikatembea mpaka Manundu. Kibandani kwangu wateja wawili walikuwa wananisubiri benchini. Fundi viatu alikuwa ameinamia soli ya mtu, misumari midomoni. Hakuinua kichwa. Nadhani alishachoka kuinua.

"Wewe," nikasema.

Akanyanyua uso.

Kiganja changu bado kilikuwa kinanata. Hasira zangu zote nilikuwa nazo, sikuacha hata moja Sindeni. Nikasema kwa sauti ambayo hata muuza dagaa upande wa pili wa barabara aligeuka:

"Toa hiyo misumari mdomoni. Lile swali lako, niulize tena."